Usiige Uchakavu

Mwanangu, ile shafti uliyoniletea juzi jioni ikiwa imeviringishwa kwenye gunia, nimekaa nayo siku mbili. Nimeifuta mafuta, nikailaza juu ya vipande viwili vya mbao penye mwanga wa dirisha, nikaipima asubuhi kabla jua halijapanda na nikaipima tena mchana. Umeniambia una oda ya shafti 20 za mashine za kusaga nafaka pamoja na nyundo zake 480 za kupondea, na mteja amekupa sampuli ya shafti moja na nyundo tatu. Ukaniuliza bei ya chuma, basi. Hukuuliza jingine lolote, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bei ya chuma utaambiwa na yeyote hapa Tanga. Haya nitakayokuandikia, wazee wengi wa kazi yetu wamezikwa nayo.

Anza na pale beringi inapokaa. Pitisha ukucha wako juu ya chuma, taratibu, ukitoka begani kuelekea nje. Beringi inapoishia, ukucha utakwama. Kuna ukingo hapo, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni mpaka uigeuze shafti kwenye mwanga. Ndani ya ukingo huo, mahali beringi ilipokuwa imekaa miaka yote, maikromita yangu inasoma 39.93. Nje yake umebaki ukanda wa milimita saba hivi ambao beringi haikuugusa kamwe, na hapo inasoma 40.01. Ni chuma kilekile, kilikerezwa siku moja na kisu kimoja. Kilichotokea ni kwamba siku moja beringi ilikwama, labda kwa vumbi la mahindi, labda kwa kukosa grisi, ikaanza kuzunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka pamoja nayo, ikaila.

Sasa wewe ungeweka kipimo pale panapoonekana ndipo penyewe, ukaandika 39.93 kwenye daftari, ukawasha mashine. Ungekuwa umetengeneza shafti 20 mbovu, zote zinafanana, mpya, zinang'aa.

Muulize beringi, yeye hadanganyi. Ubavuni pake pameandikwa 6308. Chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa tano, unapata 40, ndilo tundu lake kwa milimita. Nje ni 90, unene 23, na itakuwa hivyohivyo ukiinunua hapa au Mwanza, kwa sababu waliotengeneza beringi duniani walikwisha kubaliana. Shafti ya kubeba beringi ya namna hiyo, kwa kanuni ya k6 inayofundishwa vyuoni na iliyoandikwa kwenye majedwali ya mafundi, hukerezwa isipungue 40.002 na isizidi 40.018. Ule ukanda wetu ambao haukuguswa unasoma 40.01, katikati kabisa ya mipaka hiyo. Mashahidi wawili wasiojuana wametoa neno moja. Hapo ndipo mtu anapoandika kwenye daftari.

Aliyeichora shafti hii mara ya kwanza hakuwaza 39.93. Aliwaza 40, kisha akaandika kiasi gani juu yake na kiasi gani chini yake kinakubalika. Ile nafasi ya kukosea inayoruhusiwa, mnayoiita tolerensi, haionekani kwenye sampuli hata uipime kwa chombo cha thamani gani. Sampuli inakupa namba moja tu, tena imechakaa. Kazi yako ni kumfikia yule mchoraji kupitia chuma alichokiacha.

Najua utaniambia kwamba mimi mwenyewe nimetengeneza vipuri miaka mingi kwa sampuli na kwa macho, na watu wakaridhika. Ni kweli. Lakini nilikuwa natengeneza kimoja kimoja. Mashine iko mbele yangu, nakereza, najaribu, napunguza kwa tupa, najaribu tena mpaka kiingie. Mkono ndio uliokuwa kipimo. Shafti zako 20 zitakwenda Handeni, Korogwe, Lushoto, Pangani, na siku ya kuzifunga hutakuwepo. Atakayezifunga ni mwenye mashine, ana nyundo na spana mbili, na nyuma yake kina mama wamepanga foleni na ndoo za mahindi. Shafti isipoingia ataigonga. Ikiingia ikalegea hatajua, mpaka beringi mpya imelika wiki ya tatu.

Hata wakubwa wa kazi hii walilipata somo hili kwa taabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walihitaji injini za ndege za Merlin kwa wingi mno, na Ford ikapewa kuzitengeneza katika kiwanda huko Manchester. Mhandisi wa Rolls-Royce, Stanley Hooker, alisimulia baadaye katika kitabu cha kumbukumbu zake kwamba watu wa Ford waliitazama michoro wakasema hawawezi kutengeneza kwa michoro ile. Yeye akadhani wameona vipimo vinabana mno kwao. Wakamjibu kwamba vimelegea mno. Kule Rolls-Royce mafundi hodari walikuwa wakioanisha kipande na kipande kwa mikono, na Ford ilitaka kipande chochote kiingie kwenye injini yoyote bila kuguswa na tupa. Michoro ikachorwa upya, na kiwanda kile kikaja kutoa injini zaidi ya 30,000. Nakusimulia haya ili usione aibu kwamba kwenye shafti ya mashine ya kusaga unahangaika na sehemu za mia za milimita. Ndiyo kazi yenyewe.

Nikwambie na yangu, ambayo sijawahi kuisimulia karakana. Nilikuwa kijana kama wewe. Kiwanda kimoja kiliniletea gia ya meno 40 kutoka kwenye mashine zao kuukuu za kukereza, wakataka 12. Nikahesabu meno, nikapima upana wa nje, nikapata milimita 106 na kitu. Kanuni ya moduli, yaani ukubwa wa jino, nilikuwa naijua: upana wa nje ugawanye kwa idadi ya meno ukijumlisha na mbili. Nikapata 2.53 hivi. Mkononi nilikuwa na kisu cha moduli 2.5, nikajiambia hiyo ya ziada ni ncha za meno zilizopinda. Nikachonga gia 12 nzuri sana. Zilipofungwa zilipiga kelele kama mtu anayesaga mawe, na kabla ya mwezi kwisha zilikuwa zimeyala meno ya gia wenza ambazo zilikuwa nzima. Nikawa nimeharibu gia 24 kwa kutengeneza 12.

Mzee aliyenifundisha kazi hakunigombeza. Alinipeleka kiwandani, akafungua kifuniko, akaniambia nipime umbali kati ya shafti mbili, kutoka kitovu cha gia ya meno 40 hadi kitovu cha ile ya meno 20. Nikapata 76.2. Ingekuwa moduli 2.5 umbali huo ungekuwa 75 kamili. Akaniambia nigawanye kwa 25.4. Nikapata tatu. Inchi tatu juu ya alama. Mashine ilizaliwa Uingereza, mchoraji wake aliwaza kwa inchi, na gia zile zilikuwa za hesabu ya meno kumi kwa kila inchi ya kipenyo, ambayo kwa moduli ni 2.54. Tofauti ya 2.5 na 2.54 ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini inajirudia kila jino.

Tangu siku ile sijapima kipuri peke yake. Napima na nyumba yake. Kipuri kinalika, kinapinda, kinabadilishwa na mafundi wanne waliotangulia, lakini umbali kati ya matundu mawili kwenye bodi nzito ya chuma cha kusubu haubadiliki upesi, na mara nyingi ndio uliobeba namba aliyokuwa nayo mchoraji kichwani. Ukipata namba isiyo na sura, ijaribu kwa inchi. Namba zina asili zake. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina, watu wa mita, lakini upana wake ni milimita 1067, kwa sababu ililazimika kuungana na reli za kusini zilizopimwa futi tatu na inchi sita. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1000. Ndiyo sababu pale Kidatu mizigo ikawa ya kuhamishwa kutoka behewa moja kwenda jingine.

Na ukishagundua inchi, usidhani kazi imekwisha. Mwaka 1944 ndege tatu za Kimarekani za B-29 zilitua Mashariki ya Mbali ya Urusi, zikazuiwa, na Stalin akaamuru zinakiliwe. Ofisi ya Andrei Tupolev ikaifungua mojawapo kipande kwa kipande. Bati la ngozi yake lilikuwa la moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita 1.5875, na viwanda vyao vilikuwa vikitoa bati kwa vipimo vya milimita. Ikabidi wakokotoe upya wapi liwe nene kidogo na wapi liwe jembamba, ndipo ndege yao, Tu-4, ikaruka mwaka 1947. Chuma unachokipata sokoni kina sauti yake katika hesabu. Utakosa kipande cha unene unaoutaka, utachukua kilichopo, na hapo lazima ujue unabadilisha nini.

Kwa sababu hiyohiyo angalia na nyuzi za mwisho wa shafti yako. Nati inaingia mizunguko miwili kisha inakaza. Za Whitworth za inchi tatu kwa nane zina nyuzi 16 kwa inchi, na za Kimarekani za ukubwa huo nazo zina 16, lakini pembe ya uzi wa kwanza ni digrii 55 na ya wa pili digrii 60. Zinaingiliana, zinadanganya, kisha zinakatika.

Sasa chuma chenyewe. Hapa ndipo naogopa zaidi, kwa sababu kipimo ukikosea mashine itakataa kipuri, lakini ukikosea chuma mashine itakipokea. Chukua tupa mpya, ipitishe kwenye ncha ya nyundo ya sampuli. Nimefanya hivyo: inateleza kama juu ya kioo. Kisha nikakata nyundo moja katikati nikapitisha tupa moyoni: inauma, inatoa unga. Maana yake ncha imetiwa matiko na mwili umeachwa laini kusudi unywe mishtuko. Ukiichoma yote moto sawasawa ukaizamisha, itakuwa ngumu mpaka ndani na itapasuka. Usipoichoma kabisa, itakwisha kwa magunia machache.

Nakujua utakwenda kununua springi za magari makuukuu, kama tunavyofanya sote. Ni chuma kizuri. Lakini springi zilizomo kwenye lundo moja hazina mama mmoja. Niliwahi kutengeneza nyundo za lundo kama hilo, zote nikazitia matiko kwa moto uleule na mafuta yaleyale. Nyingine zilipinda, nyingine zilikaa miaka. Moja ilivunjika mashine ikiwa kasi, ikatoboa chekeche na kifuniko, ikachimba ukuta futi moja kutoka alipokuwa amesimama kijana wa kumimina mahindi. Hakuumia. Lile tundu ukutani nililiziba mimi kwa mikono yangu mwenyewe na saruji niliyonunua. Tangu hapo kila springi naigusisha kwenye jiwe la kunolea gizani natazama cheche, kama zina matawi mengi au machache, ndefu au fupi, na zenye cheche zisizofanana siziweki fungu moja. Kutoka kila fungu natia matiko kipande kimoja, nakiweka kwenye jiliwa, nakipiga mpaka kivunjike, natazama punje zake. Fanya hivyo. Itakupotezea siku nzima, na siku hiyo iweke kwenye bei.

Bado nyundo. Mteja amekupa tatu, nimezipima kwenye mizani ya jikoni ya mama yako mdogo, hakuna mbili zenye uzito sawa, na zote zimelika. Tundu la pini limekuwa yai. Usihangaike sana kujua uzito halisi wa nyundo mpya ulikuwa gramu ngapi. Hangaika zako zilingane. Mashine ile inazunguka kama mara 3000 kwa dakika. Ikiwa nyundo za upande mmoja zimezidi za upande wa pili kwa gramu 50 tu, na uzito huo uko sentimita 20 kutoka katikati, basi shafti inavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Ni mifuko miwili ya saruji, inayozungushwa mara 50 kila sekunde juu ya beringi mbili. Ndiyo maana mashine nyingi vijijini zinatembea sakafuni zenyewe na watu wanazifunga kwa mawe. Pima kila nyundo, andika uzito kwa chaki, zipange kwa seti za 24, na zinazotazamana kwenye pini zisipitane zaidi ya gramu mbili tatu kwa safu nzima. Kila seti funga kwa waya wake, zisichanganyike njiani.

Kuhusu joto nitasema kifupi ila usilidharau. Vipimo vya kazi yetu vimewekwa kwa nyuzi joto 20, na karakana yako mchana ni 32. Hilo si tatizo kubwa, kwani maikromita nayo imepata joto hilohilo. Tatizo ni shafti inayotoka kwenye kisu sasa hivi ikiwa na nyuzi 72. Kipenyo cha milimita 40 kikiongezewa joto nyuzi 40 kinatanuka kwa zaidi kidogo ya mikroni 18, na nafasi yako yote kati ya 40.002 na 40.018 ni mikroni 16. Ukiipima moto ukaridhika, ikipoa imekwisha kutoka nje ya mipaka. Iache ipoe pamoja na kipimo, juu ya meza moja, unywe chai.

Na kisu kinachakaa. Kadiri kinavyolika ndivyo shafti inavyozidi kunenepa kidogo kidogo, kwa hiyo ya kwanza na ya ishirini si pacha mpaka uzifanye ziwe pacha. Andika kipimo cha kila moja kwa mpangilio ilivyotoka. Ukiona namba zinapanda, 40.006, 40.008, 40.011, hujakosea bado, lakini umeshaonywa: noa kisu au rekebisha kabla ya 40.018. Kijana anayesubiri mpaka shafti ikatae ndipo atazame kisu, huyo hana daftari. Kwa matundu ya nyundo kereza vijiti viwili vya chuma, kimoja ni lazima kiingie na kingine ni lazima kisiingie, uvitie matiko, uvipige alama. Atakayekusaidia hata awe hajui kusoma maikromita hatakosea. Na tafadhali, usichukue nyundo ya jana iwe kielelezo cha nyundo ya leo, na ya leo iwe ya kesho. Nimeona oda zilizoanza na tundu la 16 zikaishia na 16.6 kwa namna hiyo, na kila mtu akiapa kwamba ameiga sawasawa. Kielelezo ni mchoro, umetundikwa ukutani, na hakuna anayeubadilisha bila kuandika tarehe.

Jambo la chapa. Mteja wako amekuomba upige jina la kiwanda cha awali kwenye shafti zako. Mkatalie. Piga jina lako na namba ya fungu. Ikirudi mbovu utajua ilitoka chuma kipi na wiki ipi, na aliyeinunua atajua ni nani wa kumfuata. Asipokubali, oda hiyo iache ipite, nami nitakusaidia kupata nyingine.

Basi Jumatatu usinunue chuma. Nenda kwa mteja umwombe shafti nyingine mbili, kutoka mashine tofauti, hata zikiwa zimevunjika, na umwombe ruhusa ya kupima mashine moja nzima ikiwa imefunguliwa, pamoja na nyumba za beringi na umbali kati yake. Mwambie utatengeneza shafti moja na seti moja kwanza, ifungwe, isage wiki mbili, ndipo ukereze 19 zilizobaki. Atalalamika kuhusu muda. Mwache alalamike, mpe chai, mwonyeshe ule ukingo kwa ukucha wake mwenyewe.

Shafti nimeipaka grisi nikairudisha kwenye gunia lake. Kwenye ule ukanda ambao haukuguswa nimefunga uzi mwekundu, usije ukapima pengine.